Kabla Kangomba Hajapiga Hodi

Ukitaka kuipima imani ya jumuiya yoyote huku Nachingwea na Ruangwa, usije Novemba. Novemba kila mtu ni mkarimu. Minada ya korosho imeshaanza, simu zinaingia ujumbe wa benki hata katikati ya mahubiri, na Jumapili ya mavuno kanisa halina pa kukanyaga: korosho kwenye ndoo, ufuta kwenye vifuko, mbaazi, choroko, kuku waliofungwa miguu wakipiga kelele chini ya altare. Baada ya misa, sadaka za vitu zinanadiwa pale nje chini ya mwembe. Kuku mmoja ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena na tena, kina mama wanapiga vigelegele, na mwenyekiti wa parokia anasahau kwamba asubuhi alikuwa anaumwa mgongo. Naipenda sana siku hiyo. Sijawahi kuikosa kwa hiari yangu.

Lakini njoo Februari. Fedha za korosho zimekwenda kwenye bati, kwenye sare za shule, kwenye deni la dukani. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Hapo hapo Kwaresima inaingia, na Kanisa linatutaka tufunge. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alimuuliza katekista, uso mkavu kabisa: “Katekista, sisi tuliokwisha kufunga tangu Januari tunaruhusiwa kuila Pasaka mapema?” Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Katekista naye alicheka, kisha akainamisha kichwa, kwa sababu alijua nyumbani kwa bibi yule jiko halikuwashwa tangu jana yake.

Ndio msimu wa kangomba.

Kwa msomaji asiye wa Kusini nieleze kidogo. Kangomba ni ununuzi wa korosho kwa vipimo vya mtaani, nje ya mizani ya chama cha msingi, na mara nyingi korosho zenyewe zinauzwa zikiwa bado maua. Mtu mwenye fedha anakupa debe la mahindi, au sukari na mchele, au noti chache, katika miezi ya shida. Wewe unamwahidi gunia la korosho ikifika Novemba. Hakuna karatasi. Kuna aibu tu, nayo inashika kuliko karatasi. Kangomba tunaliita hilo jambo lenyewe, na mwenye kulifanya naye tunamwita hivyo hivyo. Serikali imelipiga marufuku, viongozi wamelikemea kwenye majukwaa miaka nenda rudi, na bado lipo. Lipo kwa sababu njaa haisubiri mnada.

Nililijua nikiwa mtoto, Nachingwea, upande wa Stesheni. Baba alikuwa amelazwa hospitali ya Ndanda, mama akaenda na kurudi, na kila safari ilikuwa nauli, uji, na dawa. Hatukuwa na mifugo ya kuuza. Mama alichukua fedha kwa mtu mmoja wa mjini, akaahidi magunia. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, ulikuwa bado haujaja huku. Huo ulianza Kusini msimu wa 2007. Siku hizo mnunuzi alikuja mwenyewe mpaka uani.

Nakumbuka kopo lake. Lilikuwa kopo la bati la mafuta ya kula, na kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka ndani mpaka kikatokeza nje kama tumbo. Hiyo peke yake ilikuwa imeongeza viganja kadhaa. Halafu hakufuta juu. Alijaza mpaka korosho zikasimama lundo, akazibinya kwa kiganja, akaongeza nyingine. Zilizodondoka mkekani hakuzirudisha kwenye fungu letu. Alizikusanya kwa ukingo wa mguu na kuzisogeza upande wake. Mama alihesabu makopo kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mdogo wangu aliokota korosho moja iliyoviringika mpaka karibu na kizingiti, yule bwana akamnyooshea mkono bila kusema neno, na mtoto akampa.

Alipoondoka, mama alifagia ua. Hakulia wala hakumlaani mtu. Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani, ilikuwa siku ya mavuno, na mama akatoa sadaka ya kuku, yule yule aliyekuwa anatutagia mayai. Watu walimshangilia. Wengi walijua yaliyomkuta mama. Baadhi walimshika mkono wakamwambia, “Vumilia mama, Mungu ni mwema.”

Mungu ni mwema kweli, na sina ugomvi na sentensi hiyo. Nina ugomvi na saa inaposemwa. Ikisemwa Novemba, baada ya kopo kuondoka, inakuwa kama pole kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Mtume Yakobo alishaliona hilo mapema: katika sura ya pili ya waraka wake anamcheka, kwa namna yake kali, mtu anayemuaga ndugu mwenye njaa kwa maneno ya amani na kumwacha aende na njaa yake.

Mwaka uliofuata, Julai, mikorosho ilichanua vizuri. Ubwiriunga nao ukaingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua yakadondoka kabla ya kushika. Dawa yake ni salfa, na salfa ni fedha. Yule bwana alikuwa ameshapita kutazama maua. Alitembea shambani kwetu mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali yake. Mama alikuwa amekaa barazani anafikiri nini cha kumjibu, ndipo akaja mzee wa ng'ambo ya njia, muadhini wa msikiti wa mtaani, na mfuko wa salfa begani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Shika hii. Kijana wangu atakuja na mashine kesho alfajiri kabla ya upepo.”

Mama akamuuliza atalipa nini. Mzee akasema atarudisha mfuko wa salfa, mwaka kesho, akijaliwa. Mfuko kwa mfuko.

“Na nikuongezee nini, Mzee?”

“Ukiniongezea kitu utakuwa umenilisha haramu, mwanangu.”

Akaomba maji, akanywa, akaondoka. Ni hayo tu. Mwaka huo korosho zetu ziliuzwa kwenye mizani.

Mahubiri yangu ya kwanza juu ya riba niliyapata hapo, kwa muadhini, kwenye baraza la nyumba ya Kikristo. Kanisani kwetu nilikuwa sijasikia neno lolote juu ya jambo hilo, ingawa tulisikia mengi juu ya ulevi wa uraka na ngoma za usiku. Baadaye sana, nikiwa mwalimu na nikisoma kila kitabu kilichonipitia mkononi, niligundua kwamba Papa Benedikto wa Kumi na Nne aliandika waraka mzima wa kulaani riba mwaka 1745, na akauandika Novemba, mwezi wetu wa korosho. Wafransisko wa Italia walikuwa wamewatangulia wengi kwa vitendo: mjini Perugia, mwaka 1462, walifungua nyumba ya kukopesha maskini ili wasikamuliwe na wakopeshaji. Kwa hiyo urithi tulikuwa nao. Ulikuwa umekaa sandukuni, nasi tukakumbushwa na jirani wa dini nyingine. Huku kwetu, ambako ukoo mmoja unaweza kuwa na Yohana na Saidi wa tumbo moja, hilo halipaswi kumshangaza mtu.

Niseme kidogo juu ya Nachingwea, kwa sababu mji ule umenifundisha kutotegemea sana vitu vinavyokuja kwa kishindo. Mwaka 1947 Waingereza walileta Mradi wa Karanga. Walikuja na matrekta, wakafyeka misitu, wakajenga reli kutoka pwani ya Mtwara mpaka kwetu. Hawakuwa wameuliza vya kutosha juu ya udongo na mvua. Mwaka 1951 serikali yao ilikiri kwamba mradi umekufa, na zaidi ya pauni milioni thelathini zilikuwa zimekwenda na vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Stesheni pakabaki jina; leo ni kata, na mtoto anayezaliwa pale anaweza kuzeeka bila kuona behewa. Farm 17, shamba la ule mradi, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Wakafunzwa pale, wakakaa na watu vizuri, na Msumbiji ilipopata uhuru 1975 wakaenda zao. Mwaka 1963 Nachingwea ilipewa jimbo lake la Kikatoliki. Polycarp Pengo, ambaye baadaye alikuwa Kardinali, alipata uaskofu kwa jina la Nachingwea kabla ya jina lingine lolote. Mwaka 1986 makao yakahamia Lindi na jimbo likaitwa la Lindi. Mwaka 1995 Ruangwa nayo ikakatwa ikawa wilaya yake.

Nachingwea ni mji wa kuaga. Wazee wangu wameshapunga mikono mingi. Sisemi hivyo kwa uchungu. Kila kilichokuja kiliacha kitu, hata kama ni kisima au mwembe. Ila mtu aliyekulia pale hujifunza kuuliza swali moja mbele ya neema yoyote kubwa: na sisi kwa sisi tumebaki na nini?

Ajira ya ualimu ilinipeleka Ruangwa, na huko nikaolewa. Jumuiya yetu hukutana nyumba kwa nyumba, asubuhi kabla ya shamba, kwenye mikeka, watoto wakiwa mgongoni. Jumuiya Ndogondogo tunazichukulia kama jambo la kawaida siku hizi, na wengine huziona kama mahali pa kukusanyia michango tu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozikazia katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976 walikuwa na hoja kubwa zaidi: parokia ni kubwa mno mtu kujulikana, na Kanisa lazima liwe mahali ambapo ukikosekana utaulizwa. Kwetu ilichukua muda hoja hiyo kutuingia.

Ilituingia mwaka wa mbaazi. Mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje. Watu walikuwa wamelima mbaazi kwa pupa kwa sababu ya bei nzuri ya misimu iliyotangulia. Bei ikaporomoka mpaka wengine wakaziacha zikakaukia shambani. Gharama ya kuvuna na kupiga ilikuwa inashinda thamani ya gunia. Februari ya 2018 ilipoingia, mitaa ilikuwa kimya kwa namna ninayoijua tangu utotoni, na pikipiki za kangomba zilikuwa zinapita mchana kweupe.

Kwaresima ile katekista wetu aliweka kando kitabu cha tafakari kwa wiki moja akatuambia tufungue Nehemia, sura ya tano. Wengi hawakuwa wameisoma. Watu wa Yerusalemu wanalia: wameweka rehani mashamba yao na mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na watoto wao wanakwenda utumwani, na wakopeshaji ni ndugu zao wenyewe, wa damu moja na imani moja. Nehemia anakasirika. Anawaita wakubwa mkutanoni, anawaambia usoni, anakiri kwamba hata yeye na wenzake wamekopesha, kisha anataka mashamba yarudishwe siku ile ile.

Msomaji alipofunga Biblia hakuna aliyekohoa. Kwa sababu kangomba alikuwepo. Simtaji jina, na hakuna haja. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, muumini mwenzetu, baba wa watoto niliowafundisha kusoma, sauti ya nne ya kwaya. Wanawake wakaangalia mikeka. Mwenyekiti akataka tuimbe, namna watu wanavyotaka kuimba wakiogopa kusema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya. “Nimesikia,” alisema. “Hiyo ni mimi. Lakini na mimi niulize. Mtoto akipandwa na homa saa nane usiku, mnagonga mlango wa nani? Mmegonga kwa Katekista? Mmegonga kwa Mwalimu hapa? Mnagonga kwangu. Na mimi naamka.”

Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Lilikuwa jibu la mtu anayejitetea, ndiyo, na lilikuwa na hila ndani yake. Mtu anayeamka usiku kwa faida ya gunia hajaamka kwa huruma. Lakini ilikuwa kweli tupu. Katika mtaa mzima uliojaa rozari na picha za Moyo Mtakatifu ukutani, mlango pekee uliokuwa na uhakika wa kufunguka usiku ukiwa na fedha ndani ulikuwa wake.

Bibi yule yule wa utani wa Pasaka ndiye aliyesema, “Basi tutafute mlango mwingine.”

Tulianza na mahindi, siyo fedha. Mei na Juni, mahindi yalipovunwa, kila nyumba ilileta ilichoweza kabla ya kujaza kihenge chake: mwenye debe debe, mwenye kisado kisado. Nyumba ya wajane wawili ilileta sahani, ikapokelewa kwa vigelegele vile vile. Tuliyaweka katika chumba cha nyuma cha mama mmoja ambaye mumewe ni mlinzi wa usiku. Tulimchagua makusudi, kwa sababu nyumba ile kuna mtu macho usiku kucha. Fedha kidogo ziliongezwa baadaye, kwa ajili ya salfa na nauli ya hospitali. Sharti lilikuwa la yule muadhini wa Stesheni, ambaye hakupata kujua kwamba ameandika katiba ya Wakatoliki wa Ruangwa: debe kwa debe, shilingi kwa shilingi, bila nyongeza.

Hapo ndipo tulipogombana. Kuna waliosema bila riba mfuko utakufa, kwamba hata VICOBA hutoza. Kuna waliotaka akopeshwe mhudhuriaji tu, aliyeleta kadi ya zaka. Kuna aliyeuliza kwa sauti ya chini kama majirani Waislamu nao wamo. Nilisimulia habari ya mfuko wa salfa na baraza la mama yangu, na swali lile la mwisho likafa palepale. La wahudhuriaji lilichukua muda zaidi, na mpaka leo halijaisha sawasawa. Kila mwaka linafufuka na sura mpya. Kuhusu mfuko kufa bila riba, nakiri hofu ile haikuwa ya kipumbavu. Kuna aliyekopa asirudishe, akahamia Nachingwea bila kuaga. Kuna mwaka wadudu walitoboa mahindi kwa sababu tulichelewa kuweka dawa. Unaishi, huo mfuko, kwa kujazwa upya kila mavuno. Anayetaka fedha izae yenyewe aende benki, na aende salama.

Kisha ikaja Novemba ya 2018, ambayo kila mkulima wa korosho anaikumbuka. Wanunuzi binafsi walileta bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza mnadani, na Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaingia barabarani. Tulifurahi, na sioni aibu kusema tulifurahi. Kabla ya malipo ukaja uhakiki: mkulima aonyeshe shamba. Walionunua kwa kangomba walikuwa na maghala yaliyojaa na hawana mkorosho hata mmoja. Wakaanza kuzunguka usiku, safari hii wao ndio wanaogonga, wakiwaomba wakulima waseme korosho zile ni zao.

Kuna waliokubali, maana deni ni kamba. Katika jumuiya yetu wengi waliweza kukataa, na siupambi ukweli nikisema sababu haikuwa ushujaa wao. Walikuwa hawadaiwi. Waliopungukiwa walikula mahindi ya chumba cha nyuma, na mwezi wa saba walipuliza salfa ya mfuko. Mtu asiyedaiwa hupata urahisi wa kusema kweli. Nimefundisha Amri Kumi kwa watoto wa komunyo ya kwanza miaka mingi, na nilikuwa sijapata kuona kwa macho yangu jinsi amri ya kutoshuhudia uongo inavyotegemea kihenge.

Malipo ya msimu ule yalichelewa kwa wengi. Wengine walisubiri miezi. Kwa hiyo Kwaresima ya 2019 ilitukuta watu wana mali kwenye karatasi na njaa nyumbani. Chumba cha nyuma kilikauka mpaka sakafu ikaonekana. Hatukuwa na cha kufanya zaidi ya hapo, na wapo waliorudi kwa kangomba. Sikuwalaumu.

Mnaniuliza na yule kangomba wa jumuiya yetu? Watu hupenda kusikia kwamba alitubu akarudisha kila kitu kama Zakayo. Hakurudisha. Bado ananunua, ila siku hizi anakwenda vijiji vya mbali, anasema kwetu biashara imelala. Msiba ukitokea ni wa kwanza kufika na jembe la kuchimbia kaburi. Anaimba sauti ya nne, na anaimba vizuri. Mungu anajua atakavyofanya naye. Mimi nimeombwa kumpenda tu, na kazi hiyo inanitosha.

Sura ya deni nayo imebadilika. Lami imefika Ruangwa kutokea Nanganga, mji umechangamka, na pamoja na lami umekuja mkopo wa kwenye simu na ule wa vikundi ambao kina mama wenyewe wameubatiza kausha damu. Kopo lenye kitako kilichogongwa sasa ni programu inayokupigia ndugu zako wote simu ukichelewa siku moja. Wanaokopa huko ni wale wale waliokuwa wanamkopa kangomba, kwa sababu zile zile: homa ya usiku, sare, msiba. Nimekaa na mama mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa analipa mkopo huu kwa kukopa ule. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote katika jumuiya. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, “Mwalimu, pale tunaombeana tu.”

Alisema “tu”. Nimelitafakari sana lile neno. Hakudharau sala, alikuwa amesali kuliko mimi. Alikuwa amejifunza, kwa uzoefu, kwamba shida yake ikitajwa pale itafungwa kwa Salamu Maria tatu na mkono begani, na kesho yake wakopeshaji watapiga simu kama kawaida. Sasa akisema “tunaombeana tu” kumbe anatupa taarifa ya sisi ni watu wa namna gani. Kutia moyo tumekufanya kuwa kazi ya mdomo. Tuna maneno mazuri, tunayajua kwa moyo, tunayasema kwa upole. Kristo alipoona watu wana njaa aliuliza kuna mikate mingapi, kisha akawaketisha chini kwenye majani. Alianza na hesabu.

Kwa hiyo ninawaomba, wanajumuiya wenzangu wa Nachingwea, wa Ruangwa, na popote mnapolima korosho au ufuta au chochote kinachouzwa mara moja kwa mwaka. Msisubiri mradi, wala mfadhili, wala barua ya jimbo. Mahindi yakivunwa Mei, wekeni akiba kabla hamjajaza vihenge. Mwenye sahani alete sahani. Majirani wa msikitini waiteni tangu mwanzo. Wanajua jambo hili kuliko sisi. Msitoze nyongeza. Na ufunguo mpeni mtu anayekubali kuamshwa saa nane usiku, halafu mtangazeni jina na nyumba yake kanisani, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, ili kila mwenye shida ajue pa kugonga.